Hatua Kumi na Tisa

Kutoka chumba cha bluu hadi chumba cha kijivu
ni hatua kumi na tisa. Nilizihesabu siku nzima,
karatasi mkononi, tarakimu moja tu juu yake,
kama mshenga asiyejua iwapo posa itapokewa.
Nje, Invercargill ilichapwa na upepo wa kusini,
mvua ikinyesha kwa ubavu.

Chumba cha bluu: Tamahou Kereopa,
misimu ishirini na miwili akitenga nyama ya kondoo na mfupa.
Vidole viwili havikunjiki tena.
Alimzika mamaye. Matanga siku tatu;
ya nne akakuta jina lake limefutwa ubaoni.
"Nilipiga simu." Nani alipokea? Hajui. Sauti tu.

Chumba cha kijivu: Fergus Dalgleish, meneja,
na wakili aliyevua saa akaiweka mezani
ili sote tujue dakika zake zinauzwa.
"Kanuni ni kanuni," alisema Fergus,
halafu akatazama dirisha kwa muda mrefu.

Mimi sihukumu. Kazi yangu ni kubeba maneno
na kuyapunguza makali njiani.
"Mwongo mkubwa" huondoka chumba hiki;
hufika kule "kumbukumbu zenu zinatofautiana."

Kufikia saa nane ziliwatenganisha dola mia nne.
Mia nne! Wakili alikuwa amezila zaidi ya mara tano tangu asubuhi.
Heri nusu shari, walisema wahenga;
hawakusema nusu ipi ni ya nani.

Ndipo Tamahou akaulizia chuma chake cha kunolea visu,
cha babake, mpini wa pembe, kabati namba 212.
Nikazivuka zile hatua. Fergus akafumba macho.
Makabati yalikwisha kumwagwa. Gari la taka lilipita Ijumaa.
"Tutalipa," wakili akasema. "Ataje bei."
Nikarudi. Nikasema.
Kimya kikavuta kiti kikaketi nasi.
"Sifuri," akasema. "Waandike sifuri.
Lakini waandike."

Basi kifungu cha sita kipo, kati ya likizo na kodi:
Kampuni inakiri kupoteza chuma cha kunolea,
mali ya mfanyakazi, na ya babake kabla yake.
Thamani: sifuri.
Fergus alikisoma mara mbili,
akaomba kalamu wakili akiwa bado anakohoa.
Zile mia nne tulizikata katikati; hakuna aliyebisha.

Hawakupeana mikono. Korido ni nyembamba,
wakapishana bega kwa bega,
mmoja akamshikia mwenzake mlango,
kwa adabu, au kwa sababu ya upepo, sijui.

Nimeapa kutunza siri. Kwa hiyo majina haya si yao,
na huenda hata mji si huu.
Hatua tu ndizo za kweli.
Kesho saa tatu nina mwoka mikate, tajiri wake,
na usiku arobaini ambao haukulipwa.