Fremu za Makoroboi

Asubuhi redio iliposema amekimbia
sikutoka kushangilia. Nilifungua duka,
nikanyunyiza maji kwenye vumbi la kibaraza,
na kabla sijapanga nyundo na misumari
wateja walishafika, fremu wamezikumbatia vifuani.

"Fundi Nkwabi, toa uso huu. Kioo tuachie."

Miaka kumi na tisa niliuingiza mimi uso huo,
wa shule, wa zahanati, wa mashine ya kusaga kule Igoma,
wa vibanda vya dagaa pale Mwaloni, maana mkaguzi
alitazama ukuta kwanza, leseni baadaye.
Niliupulizia pumzi yangu, nikaufuta kwa pindo la shati
mpaka ung'ae. Msiniulize kama niliupenda.
Nilisomesha watoto kwa uso ule.

Mmoja wao ni Milembe.

Siku ya nne aliteremka na wenzake kutoka Bugando,
wauguzi na sare zao, viatu vya raba,
wakakutana na vijana wa Mabatini
na akina mama wa Kirumba,
harufu ya samaki imetangulia, mabango yanafuata.
Mawe ya mji huu yanabebana bila saruji,
tangu mababu hatujui nani kamshika nani.
Ndivyo watu walivyosimama darajani Mirongo.
Mabomu ya machozi yakaja; upepo wa ziwa
ukayarudisha kwa wenyewe.
Hilo tulilicheka wiki nzima.

Risasi hazirudishwi na upepo.

Milembe yuko hai. Nalitamka hilo kila kukicha,
kabla ya salamu, kabla ya chai.
Mguu wa kushoto una vyuma vinne.
Anakaa kwenye kreti ya soda
akining'olea misumari kwa koleo, mmoja mmoja,
naye haupindi hata mmoja.
Nyuso nimezilaza kifudifudi konani.
Karatasi nene, nzuri;
Nyanzobe wa karanga ameshaziomba.

Jumamosi akaja bwana mmoja wa Halmashauri,
yuleyule, na kalamu yake ileile mfukoni.
Anataka fremu sitini, tupu.
"Mpya akipatikana tusihangaike."
Nikamuuliza vipimo.
"Vilevile."

Nilimtazama binti yangu. Akavuta kitabu cha risiti,
akakiweka juu ya goti zima,
akaandika taratibu, kwa mwandiko wa wodini:
*Fremu sitini.
Misumari mifupi.*