Mvua Inapo

Kitabu ni kimoja kwa wanafunzi watatu,
na hiki cha Shitandi na wenzake kimenyofoka pembe.
Ukurasa wa thelathini na moja umeliwa,
na nani, hatujui. Labda na hao hao
wanaosimuliwa ndani yake.

*Kumbikumbi hutoka kichuguuni mvua inapo*
na hapo karatasi inakwisha.

Ningeweza kuazima nakala ya Gredi ya Nne B,
mlango wa pili, hatua ishirini.
Badala yake nikaandika ubaoni vile vile, *inapo*,
nikaiacha chaki imegusa ubao.

Inaponyesha, akasema Khatievi.
Inapokoma, akasema Muhonja.
Inapokaribia, ikasema sauti ya dawati la nyuma,
ya yule anayeinusa mvua kabla ya mbuzi.
Inapokataa, akasema Lihanda, darasa likaangua kicheko,
lakini niliiandika nayo.

Shitandi hakusema. Shitandi husoma
kama mtu avukaye Isiukhu kwa kurukia mawe:
ki, chu, gu, u, ni,
kila jiwe anasimama, anayatazama maji.
Siku hiyo alipofika ng'ambo aliinua kichwa:
"Mwalimu, hicho tunacho. Nyuma ya jiko la shule."

Tukatoka, watoto arobaini na watatu,
penseli masikioni, mpishi akidhani tumefuata uji.

Daftari lake ninalo mpaka leo:

Jumatatu. Hawakutoka. Jua.
Jumanne. Hawakutoka. Jua. Muhonja amekanyaga.
Jumatano. Mvua jioni, kubwa. Hawakutoka.
Alhamisi asubui. Mvua imekoma. Matundu saba.
Asikari wa vichwa vikubwa wako mlangoni.
Alhamisi saa nne. WAMETOKA.
Lihanda amekula kumi na nne.

Tahajia sikuigusa wiki hiyo.
Mkono uliokuwa ukinakili herufi kama anayehesabu deni
ulikuwa na haraka, na haraka ile niliiheshimu.

Ijumaa Khatievi akaleta vijiti.
Kwao, alisema, nyanya yake hupiga ubao juu ya kichuguu,
tap tap tap, katikati ya kiangazi,
na wao, wajinga, hudhani ni mvua.
Tukapiga. Mwalimu mkuu akatoka ofisini.
Kumbikumbi wawili walichungulia, wakarudi ndani.
Andikeni wawili, nikasema. Andikeni na wakarudi.

Darasani niliwaonyesha kitenzi cha kitabu.
Kinasema *hutoka*. Hakisemi walitoka.
Hii *hu-* haina nafsi, haina jana wala kesho,
haikuloa miguu, haikukanyaga popote.
Madaftari yenu yamejaa *wali-*, yamejaa matope.
Kitabu nacho kimeshanawa.

Shitandi akanyoosha mkono, mara ya kwanza tangu Januari.
"Mwalimu, ni *wali-* ngapi
ndizo hufanya *hu-* moja?"

Nina miaka kumi na tisa katika kazi hii.
Nimefundisha sarufi saa mbili na sayansi saa tano,
na katikati nikakunywa chai,
nisijue kwamba ni swali moja.
Nikasema, "Zaidi ya moja."
Nikasema, "Tutaendelea Jumatatu."
Kengele ilinihurumia.

Jumatatu niliazima kile kitabu cha B.
Ukurasa mzima, safi, na picha ya rangi:
*mvua inaponyesha.* Na nukta.
Khatievi akashangilia, akapiga dawati.
Shitandi akakivuta karibu,
akaisoma sentensi yote bila kusimama juu ya jiwe,
akarudi mwanzo, akaisoma tena.

"Aliyeandika," akauliza,
"alikaa kando ya kichuguu kipi?"

Hakungoja jibu langu.
Alichukua penseli, na chini ya ile nukta,
kwa herufi ndogo, katika kitabu cha watu,
akaandika: *chetu, inapokoma.*

Kitabu nilikirudisha hivyo hivyo.