Waya Nyekundu

Kompyuta tatu, kila moja yatosha juu ya kadi ya kliniki,
nimezipanga kwenye meza ya chakula, hapa Pasua,
na katikati yake habu ya USB, matundu saba,
yote yamefungua midomo.

Nilidhani habu hutoa.
Habu hugawa tu,
na ilikuwa inagawa cha kuazima:
kompyuta ya kwanza ikinyonya ukutani kwa mrija mwembamba,
nami nimeitwika wenzake wawili na diski.
Radi ndogo ya njano ikachomoza kwenye kona ya kioo.
Diski ikasema tik,
tik,
ikanyamaza.

Nikafukua droo, nikapata adapta ya redio ya marehemu baba.
Pini iliingia, nikaona inatosha.
Kumbe volti tisa, imeandikwa pale pale mgongoni.
"Moshi ndani ya Moshi," mke wangu akasema,
akaenda kufungua dirisha.

Aikande wa Mbuyuni, fundi wa pasi na spika,
aliinusa habu mpya kabla ya kuitazama.
"Volti ni urefu wa mlango," akasema.
"Ampia ni watu wangapi wanaweza kupita.
Mlango wako uwe tano, usiongeze hata uzi.
Watu, leta hata kijiji."
Akavuta chini ya benchi sanduku la umeme
la kompyuta iliyofia ofisi ya chama cha kahawa,
akabana kijani na nyeusi kwa kibanio cha karatasi:
feni ikaamka, ikatema vumbi la misimu.

"Bado," akasema, nami nimeshashika pochi.
"Habu ikishiba, itamcheulia aliyeiletea waya."
Akachuna ganda la kebo kwa kikata kucha.
"Nyeupe na kijani ziache, hizo ni maneno.
Nyeusi iache, hiyo ni sakafu wanayosimama wote.
Nyekundu, kata.
Waongee, wasiombane."

Njia nzima nilikuwa namuwaza mdogo wangu Ndetaulwa,
yuko Sakina, Arusha, mwendo wa saa mbili,
na simu zetu zote ni za mwisho wa mwezi.

Saa tatu usiku Luku ikaisha.
Sanduku la kahawa likazima na feni yake.
Nikagonga kwa jirani, nikaazima betri ya bodaboda,
nikaishusha kwa chaja ya gari kutoka kumi na mbili hadi tano;
taa ya habu ikarudi, kijani, kama jicho la paka barazani.
Alfajiri saa kumi na moja mwenyewe ataitaka.

Gizani diski inazunguka.
Nikampigia Ndetaulwa. Tarehe kumi na tatu.
"Kuna nini?" akauliza.
Hakuna.
"Nani anaumwa?"
Hakuna, nikasema, hakuna,
na kwa muda tulisikilizana tukipumua,
hatujui kinachofuata.