Joto Lisilo Jiko

"Una chuma chochote mwilini?" Dama aliniuliza,
nikacheka. Mimi Bwanakombo, mpika haluwa wa Langoni,
silaha yangu ni mwiko, na mwiko ni mti.

Tangu Shaabani bega limeganda
kama sukari guru kwenye kitako cha sufuria.
Kofia navishwa na mjukuu.

Akanikalisha kiti cha mbao kitupu,
akanifuta jasho kwapani, akarudia kufuta:
tone moja tu, alisema, laweza kukuunguza.
Sahani mbili, ya kifuani na ya mgongoni,
taulo katikati.
"Ukisikia moto, sema. Ukisikia uvuguvugu, nyamaza."

Kisha akaiona, juu ya kiwiko. "Na hii?"

Hirizi ya fedha. Marehemu Mwanashee alinifunga
mwaka wa homa ile, akasahau kujifungia yake.
"Fedha nayo ni chuma hapa, mzee."
Fundo likakataa. Mkasi ulikuwa mezani,
foleni ikikohoa mlangoni,
Dama akalifungua kwa kucha, bila kusema kitu,
akailaza hirizi juu ya daftari la wagonjwa, mbali.

Mimi moto naujua.
Huanza na moshi, hudai kuni, hukuchoma nyusi kwanza.
Huu haukubisha hodi. Ngozi imetulia,
na kule ndani, mfupa ulipopakana na mfupa,
kitu kikaanza kulegea
kama wanga unapokubali samli.

"Latoka wapi?"
"Ni mawimbi, jamaa ya yale ya redio.
Maji ya mwilini huyahangaikia mpaka yakapata moto."
Redio! Yangu i dukani miaka ishirini,
haijanipasha hata kidole.

Dakika ya kumi na mbili, umeme ukakatika.
Feni ikasita. Dama akasonya.
Lakini bega halikupata habari hiyo, likaendelea kuiva
kama haluwa iliyokwisha kuepuliwa,
yajipika yenyewe, usiiguse.

Nikainua mkono. Ukafika sikioni.
Kofia bado iko mbali,
ila sikio ni langu, na nilikuwa nimelikosa.

"Nikufungie?" Hirizi ilikuwa baridi kiganjani mwake.
Fundo la mkono mmoja halifungiki,
na aliyelijua fundo lile hayupo.
Funga, mwanangu, nikamwambia,
lakini legelege:
nimeandikiwa mara kumi.