Alama za Penseli

Mwezi wa sita Aizawl mvua haipigi hodi.
Nyumba yetu imesimama kwa miguu ya zege
kwenye mteremko ambao hata mbuzi angeufikiria mara mbili,
na ukutani, nyuma ya kabati la vyombo,
kuna ufa.

Naufuatilia kama mtu anayedaiwa.
Tarehe tatu: umefika usawa wa msumari wa kalenda.
Tarehe tisa: umeupita kwa upana wa kidole.
Kila usiku natia alama ya penseli,
naandika tarehe, narudi kulala,
na silali.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Najua.
Lakini ufa huu si wa ukuta.
Ni mlima unaojigeuza usingizini,
na sijamwona fundi wa kuupiga mlima lipu.

Dika yuko Lunglei, anatengeneza minara ya simu,
na simu yake haipatikani.
Feli amelala, mguu mmoja nje ya blanketi.
Ana miaka sita; kwake nyumba ni kitu kisichotembea.
Mimi nakesha nikifanya kazi ya nguzo:
nikisinzia tu, tumekwenda.

Nimesali, msinidhanie vibaya.
Nimesali hadi maneno yakachakaa kama kipande cha sabuni.
Bwana, tulinde. Bwana, tulinde.
Bwana, yule jirani aliyefukua chini yetu ajenge gereji,
mlinde na yeye,
hapana, mwadhibu,
hapana, sijui, utaona mwenyewe.
Jumapili ngoma ya kanisa ililia, nikainua mikono na wenzangu,
huku nikilichungulia paa kwa pembe ya jicho.

Usiku wa tarehe kumi na moja nilipiga magoti jikoni,
si kwa uchaji; miguu ilichoka.
Sikuwa na neno. Nilikuwa na penseli.
Nikaiweka sakafuni, nikasema,
Shika wewe.
Pima wewe.

Haikuja nuru. Mvua haikupunguza hata tone.
Ila mabega yangu yalishuka,
wala sikujua kwamba yalikuwa juu tangu Mei,
na masikio yaliyozoea kuusikiliza ukuta
yakaanza kusikia mengine:
friji ikinguruma, Feli akisaga meno,
na chini yetu
mtu anakohoa.
Mtu yu macho.

Pu Vawra, mwenye gereji.
Mwezi mzima nimemlaani Kikristo, yaani kwa tabasamu.

Nikamfunga Feli mgongoni, nikashika tochi,
nikashuka ngazi sabini na mbili, maji yakinitangulia.
Moyo ulikuwa bado unadunda, msiseme nilipona.
Lakini miguu ilikuwa imepewa ruhusa.

Alifungua kabla sijagonga.
Nyuma yake, penye mwanga wa balbu,
ukuta wake ulijaa chaki:
mstari, tarehe, mstari, tarehe.

Gereji hatukuigusa.
Aliuliza tu, "Wako umefika wapi?"
"Vidole viwili juu ya msumari."
Akavua kofia, akafumba macho, midomo ikacheza kidogo.
Sikusikia alichosema. Nikasema amina.
Kisha tukagawana milango: yeye ya juu, mimi ya chini,
amkeni, amkeni, beba watoto, acha vyombo.

Ndiyo maana tuko ukumbini mwa kanisa,
watu thelathini na mmoja na kuku wa Pi Hmingi
ambaye amekataa kukaa kwenye kikapu.
Nimelala. Narudia ili niamini mwenyewe: nimelala,
kwenye mkeka, viatu miguuni,
kama gunia la mchele lililotuliwa.

Kumekucha. Ukungu umeziba bonde,
kutoka hapa mtaa wetu hauonekani,
kama upo, kama haupo.
Vijana wanasema mvua imepungua, tunaweza kwenda kutazama.
Nitakwenda.
Feli anataka sukari guru yake,
na chai ndiyo kwanza inachemka.
Penseli niliiacha jikoni.