Mistari Kumi na Minne

Kusoma sijui, Driciru, ila kuhesabu najua.
Miaka kumi na tisa kwenye mashine ya kusaga
nyuma ya soko la Arua
imenifunza kilo, nusu na robo,
na jicho la mteja anayehisi amepunjwa.

Uliponiletea karatasi ya shule
yenye muhuri wa zambarau uliokaa upande,
uliketi juu ya gunia la muhogo mkavu ukanisomea:
rimu mbili za karatasi,
fagio mbili, wa ndani na wa nje,
jembe, na mpini wake,
sukari kilo tano, sabuni miche mitatu,
chandarua, beseni,
roli kumi za karatasi za choo
(nikacheka: shule hii inakula nini?),
daftari kubwa kumi na mbili,
sanduku la bati,
kufuli.
Ukaikunja. “Basi, baba. Ni hayo tu.”

Vidole vyangu vilisimama kwenye kumi na moja.
Lakini macho yalikuwa yamekwisha kupita begani mwako,
mstari kwa mstari, kama ninavyopita kwenye magunia jioni
kabla ya kufunga mlango.
Ilikuwa kumi na minne.

Sikusema kitu.
Nikainama kukaza mkanda wa mashine
uliokuwa umekaza tangu asubuhi.

Kesho yake, wewe ukiwa kisimani,
nikaichomoa karatasi chini ya Biblia ya mama yako
nikaenda nayo dukani kwa Khemisa.
“Nisomee yote,” nikamwambia, “polepole.”
Yale niliyokwisha kuyasikia niliyaacha yapite.
Akafika wa nne: sweta la kijani.
Wa tisa: viatu vyeusi vya ngozi.
Wa mwisho kabisa: godoro.
Khemisa akavua miwani,
akanitazama kama mtu anayetazama mizani
na hataki kutaja uzito.

Miaka kumi na mitatu uliyo nayo,
nani alikufundisha kuruka bei?

Sweta nililipata kwenye mtumba,
kijani kinachonyemelea bluu;
wakikuuliza, sema ni jua la huku.
Viatu nilivisaga usiku sita mfululizo,
unga wa watu wa harusi,
hata kope zangu zikazeeka kwa weupe.
Nimechukua saizi moja zaidi.
Mguu wako hausubiri muhula.

Godoro ndilo lililonishinda.
Nilibonyeza moja, nikabonyeza jingine,
muuzaji akaniuliza kama nimekuja kukanda.
Nikarudi nyumbani nikalitazama letu,
lile pana, la enzi za mama yako.
Nikachukua kisu cha kumenyea muhogo.
Halikukatika sawasawa. Sponji iliruka chumba kizima,
na upande wako umetoka mnene kuliko wangu,
makosa ya mkono, usinishukuru.
Foronya ameishona jirani yetu Ayikoru
kwa kitambaa cha pazia, ndiyo maana ina maua.

Jumamosi usiku sanduku likiwa wazi,
nikakwambia soma tena, tuhakikishe.
Rimu. Fagio. Jembe.
Ukafika wa nne, ukanyamaza.
Ukaliona sweta, ukaviona viatu chini yake,
ukageuka ukaona maua yameviringishwa mlangoni kwa kamba.
Mimi nilikuwa nalipaka mafuta kufuli,
kufuli jipya, lisilohitaji mafuta.

“Endelea,” nikasema. “Nahesabu.”

Sasa umevuka feri ya Laropi, uko Moyo,
na upepo wa Februari unamwaga vumbi kwenye unga wangu.
Nalala ubavu, mguu mmoja nje.
Nikijisahau nikageuka, naanguka.
Nimeanguka mara mbili tu.
Hayo nayo usiyasome kwa sauti
shangazi yako akiwa karibu.