Daftari la Masaa

Mwalimu Mhembano alitukataza:
si masaa, ni saa, hata zikiwa elfu.
Mwalimu, nisamehe. Kwenye banda hili la bati, Mlowa,
saa ni ile ya jua: moja asubuhi, ndoo kwenye foleni.
Masaa ni haya ya kidirishani,
tarakimu tano nyeusi na moja nyekundu,
hayajui usiku, hayajui Jumapili;
injini ikilala yanalala,
ikiamka yanaendelea palepale.

Mweka hazina Chilewa alisema kikaoni:
"Ina miaka mitatu tu. Bado kigori."
Miaka mitatu!
Haijavuka hata korongo,
imefungwa kwa nati nne kwenye zege,
lakini ingekuwa basi
ingekwisha kufika Mwanza mara mia nne,
na kila safari mngemwuliza dereva: umekagua oili?

Nikafungua daftari.
Kurasa za mwanzo ni za marehemu Mbijili,
herufi zimelala kama mtama uliopigwa na upepo,
doa la dizeli kila pembe.
Masika ya kwanza: saa mbili kwa siku.
Watu walikinga maji ya paa, ng'ombe walikunywa lambo.
Oili ilidumu miezi minne.
Kisha huu mwaka ambao mawingu yalipita kwenda kwa wenyewe:
saa kumi na nne kwa siku, Oktoba nzima,
oili ileile, masaa yaleyale mia mbili na hamsini,
siku kumi na nane hazikutimia.
"Kalenda," nikawaambia, "inadanganya pande zote mbili."
Hakuna aliyecheka. Sikuwa nimetania.

Kuna ukurasa ninaouonea haya.
Panya alikata waya, mita ikakwama kwenye 4,317,
siku arobaini na moja injini ilikimbia bila shahidi.
Nilihesabu kwa mapipa:
lita moja na nusu kwa saa,
pipa zima ni masaa mia moja thelathini na tatu;
nikatoa iliyomwagika, nikatoa
galoni aliyokopa shemeji yangu, ambayo sikuiandika.
Haya. Sasa nimeiandika.

Sikio nalo lina daftari lake.
Mdundo uliokuwa wa mtwangaji mmoja
ukapata mtwangaji wa pili, anayechelewa.
Moshi ukawa wa bluu iliyochuja, kama kanga ya kufulia.
Nachomoa kijiti, nafuta, narudisha, nachomoa:
kidole kimoja chini ya jana.

Elfu tano ilipotimia nilizima bila kuomba ruhusa.
Siku mbili.
Nyamwanji alipitisha ndoo tupu mbele yangu, hakunisalimu.
Fundi Masinjisa akashuka na spana zake ndani ya salfeti,
akafungua, akaishika metali ya konrodi kwenye mwanga:
kijivu, kijivu, na ukingoni,
wembamba wa ukucha,
shaba inachungulia.

"Ingekufa lini?" Chilewa akauliza.
"Labda masaa mia mbili tena.
Labda kesho, mbuzi wakiwa kwenye birika."
Hakujua. Wala mimi sijui.
Hilo ndilo linaloniudhi katika kazi hii:
ukiliwahi jambo, huna mzoga wa kuonyesha,
una risiti tu.

Chilewa ameikunja risiti mara nne, ameitia mfukoni.
Mimi nimeandika, kwa wino wa bluu, chini ya mstari:

5,006. Metali mpya, ringi mpya, filta.
Imewashwa saa kumi na moja na robo jioni.
Oili ya kwanza: 5,056, isisubiri.
Nikiwa nimesafiri, someni namba,
msisome tarehe.
Nyemo.